Maji ya Tangi la Ryoba

Ghati Werema alishuka Nyangoto Ijumaa mchana, mwezi wa pili, jua likiwa kali na barabara imejaa vumbi. Alikuwa na begi la nguo na boksi la plastiki la kutunzia baridi, kama yale wanayobebea chanjo. Begi alimwachia dereva wa bodaboda alifunge anavyotaka. Boksi alilipakata mwenyewe, na kila pikipiki iliporuka juu ya jiwe alimgonga dereva begani.

"Polepole, mura," alimwambia kwa neno la kwao la kumwita kijana. "Humu ndani kuna dhahabu."

Dereva alicheka. Nyangoto nusu ya watu wanaitafuta dhahabu, lakini hakuna anayeitangaza barabarani.

Ghati alikuwa anasema kweli. Ndani ya boksi kulikuwa na chupa sitini ndogo za kioo, kila moja ina maji mekundu kama juisi ya rozela, na wekundu ule ulikuwa dhahabu tupu. Alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya kemia huko Arusha, na kwa miezi kumi na minne alikuwa akiotesha chembe za dhahabu ndani ya maji. Ni chembe ndogo mno. Ukizipanga mstari mmoja, maelfu yake yanatosha kwenye unene wa unywele. Dhahabu ikifika udogo huo haiwi njano tena. Zikiwa zimetawanyika, mwanga ukipita katikati yake unatoka mwekundu. Zikishikana, unatoka wa zambarau, halafu wa bluu. Chembe za Ghati alikuwa amezivika molekuli zinazoipenda zebaki. Weka tone la maji yenye zebaki, chembe zinakimbiliana na kushikana, na baada ya dakika kumi chupa nzima imebadilika rangi. Pale ambapo jicho lingesitasita alikuwa na kiboksi cheusi alichokiunda mwenyewe: upande mmoja taa ndogo, upande wa pili kamera ya simu, na simu ilimpa namba.

Alikuja kupima maji ya kwao. Ndivyo alivyowaandikia wasimamizi wake. Ambacho hakuandika ni kwamba tangu Desemba alikuwa halali vizuri, kwa sababu ya simu moja ya mama yake.

"Kaka yako amebadilika," mama alikuwa amesema. "Anafoka. Hakai. Akikaa kwenye kiti anainuka, akiinuka haendi popote. Sijui ana nini."

Ryoba alikuwa kaka yake wa pekee, mkubwa kwake kwa miaka tisa. Baba yao alipofariki Ghati alikuwa kidato cha kwanza, na Ryoba akaacha kilimo akaingia kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo. Baadaye akapata mwalo wake mwenyewe, sehemu ambayo mawe yanasagwa kwenye karasha, mchanga unaoshwa, kisha unakandwa na zebaki ili ishike dhahabu. Ghati alisoma kwa mwalo huo mpaka chuo. Hakuwahi kusahau, na Ryoba hakuwahi kumkumbusha. Alikuwa mtu mtulivu kiasi kwamba watoto wa jirani walikuwa wanamwita Ng'ombe, na yeye anacheka tu.

Siku ile alipofika, Ryoba alitoka ndani kumpokea, akalichukua begi, akaliweka chini, akalichukua tena. Akamuuliza habari za safari na kabla hajajibiwa akageuka kumfokea mbwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, marahaba. Umekonda. Huko Arusha hamli?" Macho yake yalikuwa mekundu. Akaingia ndani, akatoka upande mwingine, na dakika mbili baadaye wakasikia pikipiki yake inaondoka.

Mke wake, Elieth, alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja juu ya tumbo. Alikuwa na ujauzito wa miezi saba. Alikuwa mwenyeji wa Morotonga, kule Serengeti karibu na Mugumu, mwanamke wa maneno machache na mwenye kucheka kwa macho.

"Mzoee hivyo hivyo, wifi," alisema. "Ndiyo amekuwa hivyo." Lakini siku hiyo macho yake hayakucheka.

*

Jumamosi Ghati alizunguka. Alipima maji ya chemchemi ambako wanawake wa kitongoji chao huchota. Yakabaki mekundu. Akapima kijito kinachopita chini ya mashamba, sehemu tatu. Nyekundu, nyekundu, na moja iliyotaka kwenda zambarau ikaishia njiani. Alirudi jioni miguu imevimba, na badala ya kufurahi alihisi kama mtu aliyesikia hodi, akafungua mlango na asione mtu.

Jumapili baada ya ibada, Mzee Heche, mwenyekiti wa kitongoji, alimwomba awaonyeshe watu hiyo dawa ya kisasa. Ghati aliweka meza nje ya kanisa. Wakajaa. Mzee Heche mwenyewe akatoa chupa ya maji aliyokuja nayo kutoka kisima chake. Ghati akatia matone, na hata dakika haikupita: bluu, kama wino.

Mwanamke mmoja alipiga yowe. Watu wakaanza kusukumana, kila mmoja anamuuliza mwenzake anachota wapi.  Ghati akamwinamia mzee.

"Hii chupa ilikuwa na nini kabla, Mzee?"

"Hii? Ilikuwa na maji ya chumvi ya ndama. Lakini niliisuuza."

Ndipo Ghati alipokumbuka kitu ambacho mwanafunzi wa wiki ya kwanza maabara anakijua: chumvi nayo inaweza kuzishikanisha chembe za dhahabu. Alieleza, lakini nani alikuwa anasikiliza tena? Kicheko kilianza nyuma kikaja mbele. "Amesoma miaka yote hiyo aje kupima chumvi!" Ryoba alikuwa amesimama pembeni. Hakucheka. Aliondoka huku akiwa bado anaongea na mtu aliyebaki nyuma.

Usiku ule Ghati hakulala, na alfajiri alikuwa ameshaamua. Kuanzia hapo kila maji atayapima mara mbili. Mara ya kwanza yalivyo. Mara ya pili ataweka kwanza tone la dawa inayoificha zebaki. Chupa ya pili ikigeuka nayo, mkosaji ni chumvi. Ikibaki nyekundu huku ya kwanza imegeuka, basi mkosaji ni zebaki na hana pa kujificha.

*

Jumatatu asubuhi Elieth alimletea chai. Ghati alikuwa ameketi jikoni na chupa zake, anaangalia mvuke unavyopanda.

"Wifi, mbona hupimi na yetu?"

"Yenu si ya chemchemi?"

"Ya chemchemi ilikuwa zamani. Siku hizi natumia ya tangi." Elieth alionyesha kwa kidevu nje ya dirisha. Ryoba alikuwa amemnunulia tangi jeusi la lita elfu mbili na kufunga mifereji ya bati kwenye paa, ili mke wake asipande tena kile kilima na ndoo kichwani. Tangi lilijaa kwa mvua za vuli, na walikuwa wakinywa maji yake tangu Novemba. Mama yao, aliyekaa kwenye nyumba ndogo ng'ambo ya uwanja, yeye aliendelea na chemchemi. Alisema maji ya bati hayakati kiu.

Ghati alipima maji ya tangi bila wasiwasi mkubwa. Maji ya mvua, yatatoa wapi zebaki? Akatia matone kwenye chupa mbili, moja na dawa ya kuficha, moja bila. Akanywa chai.

Dakika ya nne alikiweka kikombe chini.

Chupa ya pili ilikuwa nyekundu. Ya kwanza ilikuwa inaelekea zambarau, taratibu, kuanzia chini, kama jioni inavyoingia. Dakika ya kumi ilikuwa bluu.

"Ni chumvi?" Elieth aliuliza.

Ghati alichota maji mengine ya tangi. Alirudia. Akabadilisha chupa, akabadilisha kijiko, akanawa mikono, akarudia tena. Akaiweka kwenye kiboksi cheusi, simu ikampa namba, akaizima simu na kuiwasha, ikampa namba ile ile. Mtoto wa Elieth, Sarah, wa miaka minne, aliingia mbio, akachota kikombe cha maji kwenye ndoo na kukipeleka mdomoni.

"Mwaga!" Ghati alipiga kelele, na mtoto akakiangusha kikombe na kuanza kulia.

*

Zebaki ilitoka wapi? Swali hilo lilimzungusha uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akapima ndoo, akapima kata, akapima mtungi. Vyote vilikuwa safi kabla ya kutiwa maji ya tangi. Akatazama mifereji. Paa lilikuwa na pande mbili, lakini mfereji ulifungwa upande wa nyuma tu, na huo mteremko wa nyuma ulishuka mpaka juu ya jiko la zamani, kibanda cha udongo ambacho Elieth hakukitumia tena tangu wajenge jiko jipya. Mlango wake ulikuwa na kufuli.

Akaegemeza ngazi. Akapanda na pamba iliyoloweshwa, akafuta mabati ya mbele. Akashuka, akapanda nyuma, akafuta mabati yaliyo juu ya kibanda. Akazikamua kwenye chupa mbili; ya pamba ya mbele ikabaki nyekundu. Ya nyuma haikusubiri hata dakika mbili kugeuka bluu.

"Nani ana ufunguo wa hapa?"

"Ryoba," Elieth alisema. Kisha akaongeza polepole, "Anasema anatunza vifaa."

Ghati alizunguka nyuma ya kibanda, akachungulia kwenye tundu la moshi. Macho yalipozoea giza aliona jiko la mkaa na kikaango kimoja. Ndani ya kikaango chuma kilikuwa kimeingia weupe wa kung'aa, kama uji uliokauka. Hakuhitaji kupima.

Dhahabu ikishashikwa na zebaki hutoka donge jeupe, na ili kuipata lazima uchome donge hilo mpaka zebaki iondoke kwa moshi. Moshi ule hauonekani vizuri na hauwashi koo, lakini ukivutwa huharibu mishipa ya fahamu. Ryoba siku zote alisema anachomea mwaloni, mbali na nyumba. Lakini mwaloni kuna macho ya watu, kila mtu anataka kujua nani amepata nini. Kwa hiyo alikuwa akirudi mchana, Elieth akiwa shamba, anajifungia humu na kuchoma. Moshi ulipanda, ukapoa chini ya bati na juu ya bati, na mvua ikausafirisha mpaka kwenye tangi alilomnunulia mke wake kwa mapenzi.

Na mwenye kuchoma alikuwa ameinama juu ya kikaango, mara nyingi kiasi gani? Ghati alikaa chini kwenye vumbi. Halafu akainuka. Hakuweza kukaa.

*

Ryoba aliporudi saa kumi jioni alimkuta dada yake anafunga bomba la tangi kwa waya, Elieth na mama wamesimama karibu.

"Unafanya nini?"

"Kaka, naomba tukae tuongee."

"Nakuuliza unafanya nini kwenye tangi langu!"

Alimweleza. Alijaribu kumweleza kwa heshima, lakini maneno yalimtoka mbio, yanagongana: kikaango, bati, tangi, Sarah, ujauzito. Ryoba alimsikiliza huku anatembea hatua tatu kwenda, hatua tatu kurudi.

"Dawa yako ilidanganywa na chumvi mbele ya kanisa zima," alisema. "Leo unataka niiamini?"

"Hii nimehakikisha."

"Umehakikisha! Unajua nani alikupeleka huko ulikojifunza kuhakikisha?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitaja hilo, na alipolisema wote wanne waliona haya, hata yeye. Lakini hakurudi nyuma. Aliusokota waya mpaka ukakatika, akafungua bomba, akachukua kikombe cha bati kutoka mikononi mwa Elieth na kukijaza mpaka pomoni.

"Tazameni wote," alisema. "Kama ni sumu, mimi ndiye wa kwanza."

Akakiinua. Na hapo ndipo kila mtu alipoona. Mkono ulitetemeka. Si kwa hasira, maana hasira huja na kupita. Huu ulitetemeka kama jani, kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko, na kadiri alivyojitahidi kuutuliza ndivyo ulivyozidi. Maji yalimwagika kwenye kidevu, kwenye shati, kwenye viatu. Akaongeza mkono wa pili kuushika wa kwanza. Nao ulikuwa unatetemeka. Kikombe kilipofika mdomoni kilikuwa karibu kitupu.

 Mama alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga.

"Tangu lini?" Ghati aliuliza kwa sauti ndogo.

Ryoba alikitupa kikombe, akapanda pikipiki na kuondoka.

Elieth alikiokota. Alikitazama kwa muda, akakiweka juu ya jiwe, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na mfuko wa nguo na Sarah amevaa viatu.

"Mama, naenda kwetu," alimwambia mama mkwe wake. "Simkimbii mume wangu. Nalihamisha tumbo hili mbali na sumu hii."

Mama aliinama akamfunga Sarah kamba za viatu.  "Nenda, mwanangu," alisema. "Nitamwambia mimi."

*

Kesho yake Ghati alipanda gari mpaka Tarime mjini na kutuma chupa mbili za maji ya tangi kwa basi la Mwanza, kwa rafiki yake Goodness, aliyefanya kazi kwenye maabara yenye mashine kubwa. Mashine ile haina habari na chumvi. "Nipe siku nne," Goodness alimwambia kwenye simu.

Zilikuwa siku nne za kutembea tu. Ghati alifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Aliushusha mfereji, aliufunga mlango wa kibanda kwa misumari, alipalilia mstari mmoja wa muhogo na kuuacha katikati akaanza mwingine. Alimpigia Elieth Morotonga asubuhi na jioni kumuuliza kama mtoto anacheza tumboni, mpaka Elieth akamwambia, "Wifi, utanitia hofu. Anacheza. Lala." Kila alipofumba macho alijiuliza maswali mawili yaliyopigana: vipi kama nimekosea na nimevunja nyumba ya kaka yangu? Na vipi kama sijakosea?

Ryoba alilala mwaloni siku zote hizo.

Jumamosi, akiwa shambani, simu iliita. Goodness hakusalimia hata.

"Ni zebaki, Ghati. Maji ya tangi yamezidi mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa kunywa. Namba yako na yangu zimekaribiana sana, ujue. Hongera."

 Ghati alishukuru, akakata simu, akatupa jembe, na kuanza kupanda kilima kuelekea mwaloni, akitembea, halafu akikimbia.

Alimkuta Ryoba peke yake kwenye gogo nyuma ya karasha. Mashine ilikuwa imezimwa. Alikuwa anajaribu kufunga kifungo cha mkono wa shati, na kifungo kilikuwa kinamponyoka. Alimwona dada yake akija na hakuinuka. Ghati akaketi kando yake, akaushika ule mkono, akakifunga kifungo.

Mbele yao ulikuwa mlima wa mchanga uliokwisha kuoshwa.

"Miezi mitano," Ryoba alisema. "Kwanza kidole tu. Baadaye nikashindwa kufunga kamba ya ndoo ya duara. Nikawa namwachia mwenzangu Thadeo, namwambia nimechoka. Halafu usingizi ukakimbia. Nikilala nahisi kama wadudu chini ya ngozi. Nikiongea na mke wangu nasikia sauti yangu inafoka na mimi sikutaka kufoka." Akakigusa kile kifungo. "Nilidhani nimelogwa, Ghati. Nilikwenda kwa mganga mara mbili. Aliniambia ni mtu wa karibu. Nikaanza kuwatazama wote kwa jicho baya. Hata mama. Hata Elieth."

"Ulikuwa ni moshi, kaka."

"Una uhakika?"

"Juu ya maji nina uhakika. Juu yako, twende Mwanza ukapimwe mkojo. Lakini ndiyo. Nadhani ni moshi."

Alitegemea abishe. Ryoba aliinamisha kichwa, na mabega yake yalianza kutikisika, na kwa sekunde kadhaa Ghati hakujua kama ni ule ugonjwa au ni kilio.

"Sikulogwa," alisema. "Asante Mungu. Sikulogwa." Kisha akainua uso ghafla. "Na mtoto? Yule wa tumboni?"



"Sijui," Ghati alisema. "Elieth amenywa miezi mitatu. Sijui, kaka."

*

Daktari wa Mwanza alithibitisha. Mkojo wa Ryoba ulikuwa na zebaki nyingi. Hakumpa dawa nyingi kama alivyotarajia. Alimpa amri moja, asikaribie moshi ule tena, na kumwambia kwamba mwili utajisafisha wenyewe kidogo kidogo, mitetemo itapungua, labda yote, labda si yote. Elieth na Sarah nao walipimwa Mugumu na majibu yao yakatumwa. Sarah alikuwa chini ya kiwango cha hatari. Elieth alikuwa juu kidogo. "Kidogo," daktari alisema, "lakini kwa mjamzito tusingependa hata hicho." Alimwandikia ahudhurie kliniki kila wiki.

Ryoba alirudi Nyangoto na kuyashusha mabati yote ya upande wa nyuma. Ghati alimkataza kuyauza au kumpa mtu. Wakachimba shimo mbali na maji, wakayafukia pamoja na kikaango na udongo wa kibanda, wote wawili wamejifunga vitambaa puani, mama akiwapigia kelele kutoka mbali wasikae upande wa upepo. Tangi aliliacha tupu.

Mwaloni ilikuwa ngumu zaidi. Ryoba alileta chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba refu, ambacho moshi wa zebaki hupita humo, unapoa na kurudi kuwa zebaki tena kwenye maji. Aliwaita wenzake kuwaonyesha. Wengine walisema kinachelewesha. Mmoja alisema babu yake alichoma miaka ishirini akafa kwa uzee. Ryoba hakugombana. Aliwanyooshea mikono yake yote miwili na kuiacha hewani waitazame. Watatu wakaanza kutumia chombo chake. Wengine hawakuanza.

Mwanzoni mwa Aprili, mvua zikiwa zimeshika, Ryoba alikwenda Morotonga. Alimwomba Ghati amsindikize, na njia nzima ndani ya gari alikuwa akiuliza mambo yale yale. Baba yake Elieth, Mzee Simioni, mkulima mrefu mwenye kukohoa, aliwapokea sebuleni na kuwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza.

"Umeiondoa sumu kwako, umefanya vema," alisema. "Lakini mimi sikumwita arudi na sitamwambia aende. Muulize mwenyewe."

Elieth aliitwa. Tumbo lilikuwa limeshuka, alitembea kwa kujishikilia ukuta. Ryoba akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Nimelifungua paa," alisema. "Kibanda hakipo. Mwaloni tunatumia chombo. Sichomi tena mimi mwenyewe."

"Mikono?"

Akamwonyesha. Ilikuwa inatetemeka bado, lakini si kama ile siku ya kikombe.

"Ulinificha," Elieth alisema. "Zebaki sikuijua, na wewe hukuijua vizuri, hiyo nakusamehe. Ila ulifunga kufuli ndani ya nyumba yangu na kuniambia ni vifaa. Hilo bado linaniuma. Nitajifungulia hapa. Nikipona, nikimwona mtoto yuko sawa, tutaongea."

"Nitakuja kila wiki."

"Njoo."

Ilibidi aridhike na hilo. Alikuja kila wiki, hata wiki ambazo mvua ilikata barabara na alilazimika kusukuma pikipiki kwenye tope. Wiki ya tatu alimkuta ameshajifungua hospitali ya Mugumu, mtoto wa kike, kilo tatu kasoro, mwenye sauti kubwa. Elieth alimwita Honoratha, jina la nesi aliyemshika mkono. Manesi walimpima mtoto na kusema yuko salama kwa kuonekana. Mengine, walisema, yataonekana anavyokua. Elieth alirudi Nyangoto mwezi wa nane, akachota maji chemchemini kama zamani, na Ryoba akambebea ndoo ya pili begani, mbele ya wanaume wenzake.

Ghati alirudi Arusha kuandika. Tasnifu yake ilisifiwa. Ile njia ya kuitenga chumvi iliwapendeza wasimamizi kuliko yote. Lakini wakati wanamsifu yeye alikuwa anaangalia simu mezani. Kila Jumapili alimpigia wifi yake, na kabla ya salamu kwisha alianza: Anashika kichwa? Anafuata kitu kwa macho? Akiitwa anageuka? Elieth alijibu moja moja kwa uvumilivu.

Jumapili moja ya Desemba Elieth hakungoja kuulizwa.

"Ameketi," alisema. "Leo asubuhi, mwenyewe, katikati ya mkeka. Ryoba anamtazama tu, anaogopa hata kumgusa asije akaanguka."

Nyuma yake Ghati alisikia kaka yake anacheka, na mtoto akipiga kelele za kudai kitu. Alitaka kufurahi tu, yaishe. Alifurahi kweli. Kisha akauliza, "Amekaa kwa muda gani?"

"Wifi," Elieth alisema, "funga hiyo maabara uje uone mwenyewe."